Mama Mkwe Kakanyaga Breki

Tangu mumewe afariki, fundi cherehani alikuwa akisikia wimbo mmoja tu kutoka kwa shemeji yake: gari liuzwe. Alipoona hasikilizwi, shemeji akageukia breki.

"Pedali inazama mpaka chini. Unataka tukuzike na wewe?"

Kuhusu pedali hakukosea. Mafuta ya breki hayakuwa yamebadilishwa tangu marehemu aanze kuugua. Lakini kazi ile fundi cherehani aliijua: miaka yote mumewe alipolala chini ya gari, yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani akikanyaga.

Jumamosi asubuhi akaliinua gari pale uani kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akafungua magurudumu. Akafyonza mafuta ya zamani kwenye kikopo cha breki, meusi kama kahawa iliyolala, akamimina mapya. Sasa ukahitajika mguu wa mtu, na nyumbani alikuwepo mama mkwe wake tu, ambaye hata baiskeli hajawahi kuendesha.

"Mimi? Likiondoka nami je?"

"Halina magurudumu, mama. Liende wapi? Nikisema shikilia, usiachie mpaka nikwambie. Ukiachia mapema, upepo unaingia kwenye breki."

Wakaanza nyuma. Mama akikanyaga, fundi cherehani analegeza skrubu kwa spana, mafuta machafu yanashuka na mapovu yake kwenye mpira mwembamba hadi chupani, anakaza. "Achia!" Tena na tena.

Walikuwa upande wa mwisho geti lilipofunguliwa. Shemeji aliingia na mnunuzi.

"Nani kakuruhusu kugusa gari la kaka yangu?"

"Shikilia, mama!" ikajibu sauti kutoka chini.

"Nimeshikilia!"

Shemeji akausogelea mlango. "Mama, shuka. Mgeni anataka kuliona gari."

"Sishuki. Nikiachia upepo unaingia. Au hilo hulijui?" Mwenyewe alikuwa amelijua asubuhi ile ile tu, lakini alilisema kama mtu aliyezaliwa gereji.

"Hili gari ni la familia!"

"Na sisi ni nani, wapangaji?" Mguu hakuulegeza. "Mwanangu aliniambia kwa mdomo wake, pale kitandani: gari ni la mke wangu. Wewe ulikuwa wapi?"

Mnunuzi akakohoa. "Nitapita siku nyingine."

"Usipite," akasema fundi cherehani, bila hata kutoa kichwa.

Mafuta yakaanza kutoka safi, bila povu hata moja. Akakaza, akafunga magurudumu, akalishusha gari. Akalijaribu pale pale uani, mbele na nyuma, mara kadhaa. Pedali ilikuwa ngumu, gari likasimama kila alipotaka. Mama mkwe alihamia kiti cha pembeni akisugua goti, akakataa kushuka.

Shemeji alikuwa amesimama katikati ya geti, mikono kifuani. Fundi cherehani akalisogeza gari polepole, akalisimamisha mbele yake, akapiga honi.

Wakatazamana. Akapiga tena, ndefu. Shemeji akasogea.

"Twende wapi?" akauliza fundi cherehani walipofika barabarani.

"Popote," akasema mama mkwe, kaushika mlango kwa mikono miwili. "Ila usikimbize. Mimi bado naogopa."