Mrija wa Mjomba

Katika karakana yetu hakuna mashine inayokishinda kidole changu. Sijisifu. Haya, najisifu, lakini nisikilize kwanza.

Tunatengeneza mirija laini ya plastiki, ile inayopitishwa kwenye mshipa wa shingo ili damu ya mgonjwa wa figo itoke, isafishwe na mashine, irudi mwilini. Damu na plastiki tupu hazipatani. Damu ikiigusa inaanza kuing'ang'ania, inaganda, donge linaziba njia. Ndiyo maana kila mrija unaoshwa, unakaushwa, kisha unachovywa kwenye dawa inayouvika utando mwembamba, unateleza kama sabuni iliyolowa.

Ukishaoshwa hauguswi bila glavu. Mafuta ya ngozi hayaonekani kwa macho, lakini utando haushiki juu yake. Na kila fungu likitoka tanurini, utando unakokaushwa, unachukua mrija mmoja, unaudondoshea maji toka mwanzo hadi mwisho. Tone likitandaa, utando upo. Likisimama duara kama shanga, tupa fungu zima.

Mimi matone yalinichosha. Nikawa navua glavu ya kulia, napapasa. Kabla ya kuchovya, nijue umekauka. Baada ya tanuri, nijue umeshika. Karatasi ya vipimo naijaza mwenyewe: sawa, sawa, sawa.

"Kidole, leo kinasemaje?" alikuwa akiniuliza muoshaji, dada anayekaa kushoto kwangu, anayecheka vichekesho vyangu vyote, hata vilivyokufa njiani.

"Kinasema kinataka mshahara wake peke yake."

Msimamizi wetu, tunayemwita Mama Vipimo, akiingia tu, glavu ilikuwa imesharudi mkononi.

Mjomba wangu, aliyenilea na kunisomesha, figo zilimgomea mwaka jana. Mishipa ya shingo upande wa kushoto ilikuwa imeshaharibika. Daktari alipompitishia mrija upande wa kulia alimwambia wazi kwamba hapo ndipo mwisho, hakuna mshipa mwingine unaofaa. Nikasoma pakiti: mrija wa kwetu.

"Huu umepita mikononi mwangu, mjomba," nikamwambia. "Lala usingizi."

"Basi nikifa najua mzimu wangu uanzie wapi kutisha watu," akasema, tukacheka mpaka muuguzi akatunyamazisha.

Siku ya nne mrija ukaziba. Wakautoa, wakahangaika asubuhi nzima kutafuta mshipa mwingine, wakakosa. Kufika mchana uso wa mjomba ulikuwa umevimba hadi macho yamebaki mistari, na kwikwi haimwachi.

Mama Vipimo alinikuta kando ya kitanda. Hospitali ilikuwa imempigia simu. Alikuja na mrija mpya wa fungu lile lile, akaulaza kwenye meza ya dawa, akaanza kudondosha maji. Tone likatandaa. Jingine likatandaa. La tatu likasimama, duara, linang'aa. Mahali penyewe padogo, upana wa ncha ya kidole.

"Fungu la tarehe kumi na nne," akasema. "Karatasi inasema kila kitu sawa. Kuna mtu aliushika huu kabla haujachovywa. Mlikuwa wawili mezani. Ni nani?"

Nilimtazama mjomba, nikadhani amelala.

"Mimi glavu haitoki mkononi mpaka saa ya kwenda nyumbani, mama. Muulize muoshaji. Yule dada ana haraka sana."

"Una hakika? Maana kesho simwachi kazini."

"Nina hakika."

Akatoa kalamu, akaandika jina la muoshaji. Hapo kwikwi ikakatika.

"Mama, usiandike." Sauti ya mjomba ilitoka kama inaburutwa. "Tarehe kumi na nne nilikuwa na kliniki. Nikitoka nikapitia kwenu. Mlinzi akaniacha nisimame kwenye kile kioo cha ukumbini kinachotazama karakana." Akapumzika, akavuta hewa. "Sikukugongea, mpwa wangu. Nilitaka tu kukuona ukiwa kazini, nijivunie kidogo. Ulikuwa unawachekesha watu."

"Mjomba, pumzika…"

"Yule dada alikuwa na glavu zote mbili," akasema. "Wewe ulikuwa nayo moja."