Nusu ya Kitabu cha Baba

Asubuhi theluji ya kwanza ilipoufunika mji wetu wa Ghazni, ndugu yangu Najmuddin alipanda juu ya paa lake na koleo, akaisukuma theluji yake yote ikaangukia uani kwangu. Ndivyo alivyofanya miaka minne mfululizo. Nami kwa miaka hiyo minne sikumpa salamu ila ile ya wajibu, niliyoitoa msikitini huku nimeuelekeza uso kwenye mihrabu.

Tuligombania kitabu. Marehemu baba yetu aliacha nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na kitabu kimoja cha mashairi aliyoyatunga na kuyaandika kwa mkono wake. Nyumba ziligawika pasipo neno. Kitabu kila mmoja alidai ameusiwa yeye. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwalimu wa msikiti, na mimi ndiye niliyetamka maneno ambayo kwayo Mola atanihoji: "Sheria imetupa sawa kwa sawa. Na kikatwe." Fundi wa kujalidi vitabu akaweka kisu katikati, akakata.

Tangu mke wangu alipofariki, faraja yangu wakati wa baridi ilikuwa nusu ile. Nilikaa penye sandali, meza fupi yenye chungu cha makaa chini yake na mfarishi mzito juu, miguu ikapata joto, nikasoma hata adhana inikute. Chakula changu kilikuwa mkate na chai. Kupika sikujua, wala sikuona haja ya kujua.

Siku hiyo Bibi Kokogul, muoka mikate wa mtaa wetu, aliniletea mkate kama ada. Akautia mikononi mwangu, akaondoka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwahi kuijua. Nilipoumega, karatasi ikaanguka.

"Theluji kutoka kwetu, karamu kutoka kwenu." Mwandiko ulikuwa wa Najmuddin. Na desturi yetu haina huruma: akupatiaye karatasi hiyo siku ya theluji ya kwanza, nawe usimkamate mjumbe kabla hajavuka mlango, umefungika kumpa alitakalo. Chini yake Najmuddin aliandika alitakalo: chakula kilichopikwa kwa mkono wangu, Ijumaa baada ya sala. Alitaka pia nusu yangu ya kitabu, iwe yake.

Nikatoka mbio bila viatu. Ningemkamata mjumbe, ningempaka masizi usoni na mzigo ungemrudia aliyemtuma. Lakini Bibi Kokogul alikwisha kuvuka kizingiti, amesimama njiani, mikono kiunoni.

"Rudi ndani, mwalimu," akasema. "Masizi utajipaka mwenyewe jikoni."

"Mama, nilikuamini."

"Uliamini mkate, na mkate haukukudanganya. Umeiva vizuri."

"Amekupa nini yule?"

"Hajanipa kitu. Nimechoka kuwasikia mnakohoa kila mtu upande wake wa ukuta, kama mbuzi wenye upele."

Nilifikiri kukana. Lakini mimi niliyewahimiza watu watimize ahadi zao, ningesimama vipi mbele yao? Basi nikaamua kupika supu ya tambi aliyotupikia mama. Bibi Kokogul alinifundisha kutoka mlangoni, kwa matusi zaidi kuliko maelezo. Ijumaa asubuhi nikakanda unga, nikaukata tambi nene kama kamba za viatu. Nikachemsha dengu na nyama ya kondoo iliyokaushwa, nikasaga mtindi mkavu kwa maji ukawa kama maziwa. Mvuke ukajaa chumbani, na harufu ile ikanirudisha katika mapaja ya mama. Kwa saa nzima nilisahau hasira yangu.

Kisha nikaikumbuka. Nikachota chumvi kwa kiganja, nikaitia yote.

Wala sikuishia hapo. Nusu yangu ilimalizikia penye shairi lililopasuliwa na kisu, mshororo mmoja kwangu na wa pili kwake. Nikaichana karatasi ile ya mwisho, nikaificha kifuani. Nilijiambia: atachukua kitabu, shairi hili hatalipata.

Najmuddin akaja, nusu yake kwapani. Akapita moja kwa moja hadi nafasi ya juu, iliyo mbali na mlango, ambayo ni yangu, akaingiza miguu chini ya mfarishi. Akaonja.

"Kaka, chumvi hii ungeimwaga njiani, theluji ingeyeyuka."

"Theluji ipi? Ile uliyoitupa uani kwangu?"

"Paa langu halina adabu. Nilirithi hivyo hivyo."

Akala mabakuli matatu. Akafuta ndevu, akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa. Akafunua mpaka mwisho, kidole kikasimama. Akausoma kwa moyo mshororo uliokosekana, polepole:

"Mlango ukifungika, silaumu mbao zake."

Akaniangalia. "Uko wapi huu, Qamaruddin?"

Tangu tuzaliwe hakuwahi kuniita kwa jina tupu. Nilihisi karatasi ikiniunguza kifuani. Nikaitoa, nikaiweka juu ya meza.

"Umechana mkono wa baba," akasema. "Wewe, mwenye kuwafunza watu haya."

Ndipo nilipoona kwamba nusu yake alikuwa bado ameifunika kwa kiganja, hajaifunua hata mara moja.

"Fungua chako," nikamwambia.

"Chakula kimepoa."

"Chakula umekimaliza. Fungua."

Hakufungua. Akavua kofia yake, na kutoka ndani ya bitana akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ile ya kwanza ya nusu yake, naye ameichana. Nikaifunua, nikaiweka kando ya yangu. Kingo zikakutana, nami nikausoma mshororo wa pili kwa sauti, kwani yeye alikuwa ametazama dirishani:

"Mkono ulioshika, uulize haja yake."

Makaa yalilia chini ya meza. Hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi.

"Kitabu ni changu," akasema hatimaye.

"Ni chako. Karatasi ya theluji haina rufaa."

"Basi kitakaa hapa, nusu zote mbili. Kwangu paa linavuja."

"Linavuja kwa sababu unalipiga koleo kama adui."

"Nitakuja kukisoma. Na hiyo supu itiwe kitunguu."

"Hukualikwa."

"Nialikwe kwenye kitabu changu?"

Jumamosi asubuhi theluji ya paa lake iliangukia uani kwangu kama kawaida, nami nikayasema juu yake maneno ambayo baadaye niliyaombea maghufira. Adhuhuri mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, ameshika vitunguu vitatu, akatoa salamu kama mtu arushaye jiwe.

Nikaitikia. Chungu kilikuwa tayari motoni.