Mteremko wa Nyuma ya Bweni

Naisenya alipoingia kidato cha tatu, hesabu zilikuwa zimeshamshinda, naye alikuwa ameshakubali. Shule ya msingi, kwao Endulen, alikuwa hodari. Lakini sekondari hapa Karatu kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, na maswali yakawa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Jioni moja Penina, msichana wa kijiji cha Qurus aliyelala naye bweni moja, alimkuta analia juu ya swali la mteremko wa mstari.

"Hili neno, 'gradient', unajua maana yake?" Penina akauliza.

"Sijui. Naliandika tu."

Penina akamshika mkono, wakatoka hadi njia iendayo shamba la mahindi la shule.

"Tembea mbele kidogo. Umeshuka?"

"Kidogo."

"Sasa nenda kule kwenye korongo, mwendo uleule."

Naisenya nusura aanguke. "Huku nimeshuka sana!"

"Basi. Ulivyoshuka, gawanya kwa ulivyokwenda mbele. Ndiyo maana ya hilo neno."

Naisenya akacheka huku machozi hayajakauka. "Hilo tu? Na mimi nimechunga mbuzi kwenye miteremko maisha yangu yote!"

Tangu hapo, kila baada ya vipindi walikaa pamoja. Wenzao walimwonya Penina kwamba anapoteza muda wake, mtihani wa taifa unakuja. Hakuacha.

Mwaka uliofuata Mwalimu Remigius wa hesabu alimwita Naisenya ubaoni afanye swali. Akalifanya mpaka mwisho. Darasa likapiga makofi.

"Nani amekufundisha?" mwalimu akauliza.

"Penina, mwalimu."

"Mimi nami nimeelewa kwa kumfundisha yeye," Penina akasema.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, wote wawili walikuwa na B ya hesabu. Wiki hiyohiyo mama yake Naisenya, Resiato, akapanda gari na kibuyu cha maziwa mgando mpaka Qurus kwa kina Penina. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo binti yake akawa mkalimani.

"Mama anasema, mtoto wenu amemrudisha mtoto wake."

Lusia, mama yake Penina, akainuka. Akaenda kukamata kuku wa kuwachinjia wageni.

Resiato akamwita Penina, akatemea mate kidogo kiganjani, akampaka kwenye paji la uso. Penina akashtuka.

"Ni baraka," Naisenya akamnong'oneza. "Tulia, upokee."

Penina akafumba macho, akainamisha kichwa.