Ahadi ya Zadock kwa Marehemu

Siku Okemwa alipozikwa, Zadock alishika kipaza sauti mbele ya jeneza na kusema neno ambalo hakuna aliyemwomba aseme. "Okemwa ndugu yangu, lala. Maadamu mimi niko hai, ofisi yetu haitanunua kompyuta nyingine ila hizi zako, Falkona." Waombolezaji wakampigia makofi.

Okemwa ndiye aliyekuwa akiziuza Falkona, Migori nzima. Ndiye pia aliyemfundisha Zadock, karani wa chama cha wakulima wa miwa Awendo, kugusa vitufe bila vidole kutetemeka.

Miaka mitatu ikapita. Kufikia mwaka wa tisini na saba, Falkona hazikuuzwa tena, na vipuri vyake havikupatikana hata Kisumu. Ile ya ofisini ilizimika katikati ya kazi, ikapoteza orodha ya zamu za kukata miwa. Mkulima mmoja mjane akapoteza zamu yake, miwa yake ikakaukia shambani akingoja trela ya kuibeba.

"Mzee Zadock," akasema Joyline, mpiga chapa, "Okemwa mwenyewe alikufa mara moja. Hii yake inakufa kila Jumatatu."

Kamati ya chama ikamletea fomu. Achague kompyuta za aina nyingine kufikia Ijumaa, ama kazi ya orodha apewe mtu mwingine. Zadock akashika kalamu. Nyuma ya kiti chake mtu akakohoa, kikohozi kifupi, kile alichokuwa nacho Okemwa kila alipotaka kusifu bidhaa zake. Akageuka, akaona ukuta tu. Akashika kalamu tena, na kikohozi kikaja tena, karibu na sikio. Joyline hakuinua hata kichwa.

Alhamisi asubuhi Zadock alikwenda kwa Kemuma, mke wa marehemu.

"Shemeji, nimekuja kuongea naye kaburini. Nilimwahidi jambo, sasa limenishinda."

Kemuma hakucheka. "Ni zile Falkona?"

"Ndizo."

"Basi ukifika pale kaburini, muulize kwa nini hapa nyumbani alitumia nyingine."

"Nyingine gani?"

Akampeleka chumbani, akavuta kitambaa kilichofunika meza. Chini yake palikuwa na kompyuta ya kijivu, imeandikwa Belmora. Herufi za vitufe vyake zilikuwa zimefutika kwa kupigwa sana.

"Falkona zilikuwa za kuuza," akasema Kemuma. "Kazi yake mwenyewe aliifanyia hapa. Haijawashwa tangu mazishi."

Zadock akaweka kiganja juu ya vitufe. Vilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akauondoa mkono, akaufuta kwenye koti, wala hakwenda kaburini.

Ijumaa, kabla chai haijaletwa, aliandika kwenye fomu: Belmora, tatu. Akatia sahihi. Joyline akaisoma juu ya bega lake.

"Hizi umewahi kuzijaribu, Mzee?"

"Sijawahi hata kuiona moja ikiwaka."

"Sasa umejuaje ni nzuri?"

Zadock akaikunja fomu mara mbili. "Okemwa amezichagua," akasema, na akasogeza kiti chake hadi mgongo wake ukagusa ukuta.