Landrova ya Padri

Tii. Tone lilianguka kwenye sufuria, pale chini ya bati linalovuja. Kulikuwa bado hakujapambazuka, lakini Jenoveva, mtoto wa miaka minne, alishaanza kuhesabu gizani.

"Sita... saba... Mama, baada ya saba?"

"Nane," Dorkasi alijibu, akimvutia ndani ya blanketi. Hesabu hizo alizitoa darasa la jioni la watu wazima. Alichojifunza jana, mtoto alikipata asubuhi kikiwa bado cha moto. Tumboni alikuwa na mwingine, wa miezi saba. Jenoveva mwenyewe nusura azaliwe njiani, mama yake akiwa juu ya machela na wanaume wanne wakiteleza naye kwenye matope kutoka Gare mpaka hospitali ya Lushoto. Huyu wa pili, Dorkasi alijiapiza, atakwenda kuzaliwa kwa gari.

Na gari lilikuwa linakuja siku hiyo hiyo. Kijiji chao cha ujamaa kiliuza kabichi na matunda ya pea ya misimu mitatu, na fedha zilitosha gari moja tu, tena kuukuu.

Lililetwa na Silvano, mtu wa Tanga aliyevaa miwani ya jua hata kwenye ukungu. Landrova ya kijani, rangi mbichi mpaka inanukia.

"Shikamooni wazee. Mwenye gari hili alikuwa padri mzee. Jumapili linampeleka kanisani, siku sita linapumzika. Msiniamini mimi, tazameni hapa." Akagonga kioo cha saa ya maili. "Elfu tisa, mia nne kumi na saba. Kila maili moja, namba hii ya mwisho inageuka. Mtu anaweza kusema uongo, hii haijui."

Mzee Eliudi, mwenyekiti wa kijiji, akavua kofia kama kwamba injili imesomwa. Mzee Kornelio naye, ambaye kwa miaka arobaini hakuna ng'ombe aliyenunuliwa Gare bila yeye kumfungua mdomo, alilizunguka gari, akalipapasa mbavu, akainama mbele akatazama kwenye wavu wa chuma kati ya taa kama anayetafuta meno.

"Bado bichi," akatoa hukumu.

Dorkasi, aliyewekwa kwenye kamati ya kununua gari kwa sababu anajua kuandika, alikuwa ameinama upande wa dereva. Raba ya klachi ilikuwa imelika, chuma kinang'aa.

"Ndugu Silvano, samahani. Katambuga hizi nilikatiwa mwaka juzi. Kila siku ya soko nakwenda nazo Lushoto na kurudi, na meno ya tairi bado yapo. Raba hii imekanyagwa na nani?"

"Padri alikuwa mnene, dada."

Kamati nzima ikaangua kicheko. "Mwanangu," alisema Mzee Eliudi akijifuta machozi, "hilo darasa la jioni limekufungua macho mpaka unaona na visivyokuwepo!"

Dorkasi naye akacheka. Kwa kweli alitaka kucheka. Alitaka sana huyo padri awe mnene.

"Sasa lipande mlima," Mzee Kornelio akaamuru. Ndivyo alivyowapima ng'ombe: anayehema njiani anarudishwa kwa mwenyewe. Wazee wakajazana nyuma. Dorkasi akapewa kiti cha mbele kwa heshima ya tumbo. Ili Jenoveva atulie mapajani, alimwonyesha ile saa.

"Ile ya mwisho ni ngapi?"

"Saba."

"Ikigeuka kuwa nane, mwambie mama."

Gari lilipanda kama halina dhambi. Likapita migomba, likapita makaburi, likakata kona za ukungu, na huko nyuma wazee wakashika pambio.

"Halihemi!" Mzee Kornelio alipiga kelele. "Jamani, halihemi!"

Dorkasi alifumba macho, mkono tumboni. Alijiona anashuka Lushoto amekaa kitako, kama mke wa bwana shamba. Habari za namba zilimtoka kabisa.

"Maili tatu kwenda, tatu kurudi," alisema Silvano, akizima injini uwanjani. "Milima mitupu. Kuna la kuuliza?"

Mzee Kornelio alilipapasa gari shingoni. Mzee Eliudi akafungua fundo la kitambaa, kibunda cha noti kikachomoza. Dorkasi, bado kitini, akatandika karatasi juu ya goti ili aandike hati ya mauziano, na kwa kuwa alitaka kuiandika sawasawa, kama walivyofundishwa, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Saa inasema maili ngapi?"

Jenoveva hakuwa ameiondolea macho tangu walipoondoka.

"Mama," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wazee, "ile saba bado ni saba."