Mama Hawezi Kuwa wa Shira

Kwa muda wa mwaka mzima Leonia wa Machame alikuwa amewaficha watu wote kwamba macho yake hayaoni vizuri, na katika kazi hiyo alisaidiwa sana na adabu za watu. Kijana akimkuta njiani hana budi kutangulia kutoa shikamoo, na akishaitoa, sauti humtambulisha. Leonia alimjibu marahaba, akamtaja kwa jina, akamwulizia na mama yake, naye kijana akaenda zake akisema kwamba bibi yule bado ni mzima kabisa. Mara moja tu mambo yalimharibikia. Alisimama mbele ya mtu mfupi, mnene, aliyeegemea ukuta wa zizi, akamkaripia kwa kumkodolea mkubwa macho bila kumwamkia. Alipokwisha kumkaripia akagundua kwa mkono kwamba ni gunia la pumba. Kwa bahati njema hapakuwa na shahidi ila ng'ombe wake, aliyeitwa Meneja kwa sababu alikula kabla ya watu wote na hakupenda kusemeshwa asubuhi.

Meneja huyo ndiye aliyekuwa kiini cha siri yote. Hilda, binti yake Leonia, mwalimu aliyeishi Soweto mjini Moshi, alikuwa na chumba kitupu na nia njema, vitu viwili ambavyo vikikutana mzee hana pa kukimbilia. Mara kwa mara alisema kwamba siku mama atakaposhindwa kujiangalia atamhamishia kwake, ng'ombe atauzwa, na kihamba, yaani shamba lake la migomba, kitatafutiwa mtu wa kukitunza. Leonia alikwisha kukaa Soweto siku chache, akaikuta nyumba yenye migomba miwili, yote ya mapambo. Akaamua kwamba ni afadhali asione akiwa Machame kuliko aone akiwa Soweto.

Hata hivyo alitaka sana kuona. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia faraghani kwamba ule ni mtoto wa jicho, kwamba hutolewa kwa upasuaji usio mkubwa, na kwamba asichelewe. Basi Faustin, mzaliwa wake wa kwanza, muuza vipuri wa Arusha, alipopiga simu kusema kwamba Krismasi hiyo watamchagulia mama bima ya afya, Leonia alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alihitaji bima itakayolipia macho, na alihitaji kuipata bila mtu yeyote kujua kwamba macho ni mabovu.

Kikao kilifanyika siku ya pili ya Krismasi, baada ya mtori wa ndizi, wakati mbuzi akichunwa uani. Faustin alifungua simu yake akaeleza kwamba kampuni ile ilikuwa na bima za namna tatu, nayo ilikuwa imezipa majina ya vilele vya mlima. Shira, ya bei ya chini, ililipia matibabu ya kawaida na kulazwa. Mawenzi iliongeza macho na meno. Kibo ilikuwa na hayo yote, pamoja na chumba cha peke yako chenye televisheni, ndege ya kukupeleka ng'ambo, na huduma za uzazi.

Hilda aliuliza kama Faustin anatazamia mama yao ajifungue. Faustin akamkumbusha habari za Sara, mke wa Ibrahimu. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake.

"Mama hawezi kuwa wa Shira, Hilda. Watu watanielewaje? Faustin mzima, mama yake Shira?"

Hilda alijibu kwamba ada ya Kibo ingetosha kununua Meneja wa pili, na kwamba anayafahamu malipo ya kaka yake yanavyoanza kwa kishindo. Hapo hakuhitaji kueleza, kwa kuwa matofali ambayo Faustin aliyaleta zamani kwa ajili ya kusakafia ua wa mama yalikuwa bado langoni, yameota kuvu. Kwa maoni yake Shira ilitosha. Mama hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa ukaidi, na ukaidi hautibiwi kwa bima.

Leonia aliona kwamba huyu anamvuta juu kupita haja yake na yule anamvuta chini kupita haja yake, na kwamba pale katikati, penye macho, hapana mtu. Akasema kwa sauti ya upole kwamba yeye angependa Mawenzi. Walipomwuliza sababu, alisema kwamba alizaliwa Mwika, ambako Mawenzi huonekana vizuri, basi jina lile lingemkumbusha kwao. Hilda alisema kwamba bima si picha ya kutundika ukutani. Leonia akashika shavu, akalalamikia meno.

"Meno yapi, Mama? Asubuhi ulikuwa unamenya muwa kwa meno, na mimi nikatafuta kisu," alisema Hilda.

Leonia aliliachia shavu.

Baya zaidi lilikuwa linakuja. Faustin alisema kwamba kabla ya kuchagua ni lazima mama ajibu maswali ya kampuni, kwa maana ugonjwa ambao mtu anao tayari ni sharti autaje; akiuficha kisha ukagunduliwa, kampuni hailipi kitu. Akauliza juu ya moyo, akauliza juu ya sukari, akauliza juu ya magoti. Kisha akauliza juu ya macho.

"Macho yangu yanaona," alisema Leonia.

Faustin akajaza kwamba hana tatizo. Leonia akasikia kidole kikigonga kioo cha simu, akajua kwamba sasa hata wakimpa Mawenzi amejifungia mlango mwenyewe. Alifungua kinywa, akamsikia Meneja akilia zizini, akakifunga tena. Wakati huohuo wakaitwa uani, nyama iko tayari kugawanywa.

Katika ukoo ule mbuzi hakatwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mgawaji alikuwa Ebenezeri, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Leonia. Kidari kilikuwa haki ya Leonia, naye alikuwa amekipigania tangu alipoolewa. Siku moja alikirudisha kwa kuwa kimepunjwa upana wa vidole. Mara nyingine alimfanya Ebenezeri awaite tena wazee waliokwisha kufika makwao, waje washuhudie mfupa. Watu walizoea kumaliza kugawa, kisha wakanyamaza na kungoja maneno ya Leonia, kama wanavyongoja baraka mwishoni mwa ibada.

Ebenezeri aliinama karibu sana na nyama, akapapasa, akakata, akaweka juu ya jani la mgomba.

"Mama Faustin, chako hiki."

Leonia akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, shemeji. Safari hii umenitendea haki."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hata mbwa aliinua kichwa. Hilda ndiye aliyeuliza, polepole, kama anayemwuliza mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama, umepewa nini?"

"Kidari."

"Mama, hiyo ni shingo."

Leonia alijaribu kusema kwamba Krismasi ni wakati wa kusamehe. Faustin akamjibu kwa heshima kwamba angemwamini kama angesamehe jambo lolote duniani, lakini si kidari. Leonia alilishika lile jani, mchuzi ukimchuruzika mikononi, na hila zote zikamwishia.

"Nikisema sioni, mtamwuza Meneja," alisema. "Basi nimesema."

Hilda alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wengine walimsifu Ebenezeri kwa busara ya kumpima shemeji yake kwa shingo, jambo ambalo hata daktari asingelifikiri. Ebenezeri alikohoa, akasema kwamba mkubwa hana budi kuwaangalia watu wake.

Mengine yalikwenda upesi. Faustin alifuta jibu la macho akajaza la kweli. Kampuni ikakubali, kwa sharti kwamba macho yangoje miezi kadhaa kabla ya kulipiwa. Wakachagua Mawenzi, ambayo ndugu hao wawili waliweza kuilipa kwa pamoja bila kishindo, na Faustin akajifariji kwamba hata Mawenzi ni kilele, tena kigumu kupanda. Leonia alitoa sharti moja, kwamba hahami. Basi Juni, shule zilipofungwa, alipasuliwa jicho, naye Hilda akaja Machame kumwuguza na kumkamua Meneja. Meneja alipiga teke ndoo, kisha akampiga mwalimu. Tangu siku hiyo habari ya Soweto haikutajwa tena.

Krismasi iliyofuata Leonia alikaa mbele kabisa. Aliona mengi ambayo hakuyatarajia: masizi ya jikoni kwake, upara wa Faustin, na matofali yaleyale pale langoni. Kisha akamwona Ebenezeri. Alimwona akiinama mpaka pua inakaribia kisu, akimpapasa mbuzi kwa vidole kama mtu anayetafuta sindano kitandani, akikata, akiweka juu ya jani, na kulinyoosha kwa adabu kubwa mbele ya gunia la pumba.

"Mama Faustin, chako hiki."

Leonia aliinuka upesi, akalipokea jani kabla wengine hawajageuka.

"Shemeji, mimi niko huku," alinong'ona. "Na hii ni shingo tena."

"Usiwaambie," alisema mzee. "Wataninyang'anya kisu."

Leonia alilitazama gunia, akamtazama shemeji yake. Maneno aliyokuwa nayo yangetosha kumfurahisha mpaka Pasaka. Badala yake aliushika mkono wa mzee, akauongoza mpaka kwenye kidari.

"Kisu utabaki nacho. Kesho tutakwenda kwa Faustin juu ya bima ya Mawenzi, nawe ukiulizwa habari za macho, sema kweli. Sasa kata. Na changu cha mwaka jana kipime humohumo."

Mwaka ule kidari kilikuwa kikubwa, hata Faustin akauliza mbuzi yule alinunuliwa wapi.