Lori Lililozima Njia ya Mazingara

Sikuwa na cheti cha ufundi. Sikuwa na leseni, wala spana za kwangu, wala ndugu ofisi ya wilaya, Handeni. Shule ya mchana sikuiona. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, na kitabu cha injini nilikirudia miezi saba mpaka nikakielewa. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho mwaka 1975, siku lori la kijiji chetu cha ujamaa lilipozima njia ya Mazingara likiwa na mahindi.

Dereva, Bernardo, alipiga stata mpaka betri ikachoka. Mwenyekiti Mhina, aliyefika pale na watu wa kijiji, alikwisha kuandika barua ya wilayani kwamba dereva amelihujumu lori. Neno hilo wakati ule halikuwa dogo. Bernardo angepoteza kazi, na pengine angewekwa ndani. Nikaomba barua isubiri mpaka saa kumi. Mwenyekiti akauliza kama darasa la jioni siku hizi linafundisha na uganga. Watu wakacheka. Nikavua shati.

Nilichomoa waya wa plagi, Bernardo akazungusha injini kwa mkono, kwa hendeli ya mbele. Cheche ikaruka, ya bluu. Basi umeme upo. Nikafungua plagi yenyewe: ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli. Nikafungua mpira unaoleta petroli. Yakatoka matone mawili, basi. Bernardo akaapa kwamba alijaza tangi asubuhi ile.

Nikaenda kufungua mfuniko wa tangi. Ulikuwa mgumu, na ulipoachia, tangi lilivuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyeibuka majini. Tundu dogo la mfuniko na ukingo wake wote vilikuwa vimezibwa kwa nta.

Mzee Sadala, mrina asali na mlinzi wa lori, hakukana. Alinusa petroli ikipotea hewani, mali ya kijiji, akaziba kama anavyoziba vibuyu vyake.

“Asali yangu haijavuja hata siku moja,” akasema.

“Asali inakaa, mzee,” Bernardo akamjibu. “Petroli inatakiwa iende.”

Nikaeleza kwamba petroli haitoki tangini kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Nikakwangua nta, nikarudisha mpira, plagi na waya wake. Hendeli ya tatu, injini ikawaka.

Mwenyekiti akachana barua yake, akaniambia niandike nyingine: lori limepona, sababu haijulikani. Hakutaka mzee aaibike. Nikakataa. Sababu isipojulikana, wilayani wangemtazama dereva tu.

Mzee Sadala ndiye aliyesema.

“Andika nta ni yangu. Nilikuwa nalinda.”

Nikaandika hivyo hivyo, kauli zake zote mbili, na jinsi tundu lilivyozibwa. Akaweka dole gumba, mwenyekiti akatia sahihi chini yake. Nikaitia barua kwenye bahasha, nikaiziba kwa gundi, nikaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, nikampa Bernardo aende nayo Handeni.